Fuata mwenyeji, usifuate timu: jinsi ya kupata mechi za futiboli ya vyuo (ile ya Kimarekani, si soka) kwenye TV Marekani

Msomaji wa Columbus, Ohio, anauliza: "Nina antena dirishani na nimelipia huduma mbili za intaneti, lakini kila Jumamosi naanza kuhangaika upya. Ohio State, chuo cha hapa kwetu, wiki moja wako Fox, wiki ya pili NBC, ya tatu naambiwa Peacock, ile huduma ya intaneti ya NBC, ya nne hata saa haijatangazwa. Mpwa wangu naye anacheza katika chuo kimoja cha kundi la MAC (Mid-American Conference), mechi zake nyingine ni Jumanne usiku, na sijui nianze kutafuta wapi. Hakuna chaneli moja nikailipia nikapata zote?"

Hakuna, ndugu yangu. Hata anayelipa zaidi ya dola 80 kwa mwezi kuna mechi zinampita. Ila mambo haya yana mpango wake, na ukiushika utaacha kuzunguka na rimoti. Mpango wenyewe ni huu: haki ya kutangaza mechi ni ya mwenyeji. Haijalishi wewe unashangilia nani. Chuo kinachopokea wageni uwanjani kwake, au kwa usahihi zaidi kundi la vyuo kilichomo, linaloitwa konferensi, ndilo lililouza mechi hiyo kwa kampuni za TV miaka kadhaa iliyopita. Ukimjua mwenyeji na konferensi yake, chaneli ishirini zinabaki nne au tano.

Chukua mechi ya tarehe 30 Agosti 2025. Texas walikuja Columbus, wakafungwa 14 kwa 7. Texas wako konferensi ya SEC, ambayo mechi zake zote za nyumbani ziko ABC, ESPN na chaneli za nyumba hiyo. Lakini siku ile mwenyeji alikuwa Ohio State wa Big Ten, kwa hiyo mechi ilikuwa Fox, na shabiki wa Texas aliyekuwa na ESPN peke yake hakuambulia kitu. Marudiano ya 2026 yamepangwa Austin, na hapo zamu ni yako: ukiitafuta Fox utaitafuta hadi iishe.

Kuna mtego katika kusoma ratiba. Kwetu ukiona Simba na Yanga, au Gor Mahia na AFC Leopards, anayetajwa kwanza ndiye mwenyeji. Wamarekani wamegeuza. Mgeni hutangulia, mwenyeji hufuata, katikati huwekwa alama ya @. Kwa hiyo "Texas @ Ohio State" maana yake Texas wamesafiri. Kwenye ratiba ya timu moja, mstari wenye @ kabla ya jina la mpinzani ni safari, na wenye "vs" ni nyumbani. Mechi ikichezwa uwanja usio wa yeyote kati yao, mkataba wa mechi ndio unaosema nani ahesabiwe mwenyeji kwa ajili ya TV. Texas na Oklahoma, wanaokutana kila Oktoba katika uwanja wa Cotton Bowl mjini Dallas, siku hizi hawasumbui, maana tangu 2024 wote wawili wako SEC.

Zamani shida ilikuwa kinyume cha hii. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950, NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, ilishika haki zote mkononi na kuruhusu mechi chache tu, kwa hofu kwamba watu wakitazama nyumbani hawatanunua tiketi. Katika mpango wake wa mwisho, chuo hakikuruhusiwa kuonekana zaidi ya mara sita katika miaka miwili. Vyuo vya Oklahoma na Georgia vikaenda mahakamani, na tarehe 27 Juni 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua, majaji 7 kwa 2, kwamba mpango ule unavunja sheria ya ushindani wa biashara. Mmoja wa wale wawili waliokataa alikuwa Jaji Byron White, ambaye enzi za ujana wake alikuwa nyota wa futiboli katika chuo cha Colorado. Tangu siku hiyo haki ziko mikononi mwa vyuo na makundi yao, na siku hizi kila konferensi inauza mali yake. Notre Dame, ambao katika futiboli hawana konferensi, walifunga mkataba wao wenyewe na NBC, na tangu 1991 mechi zao za nyumbani ziko huko. Big Ten wakafungua chaneli yao 2007, SEC 2014, na konferensi nyingine iitwayo ACC 2019. Mechi hazijapungua, zimeongezeka mno. Ila duka limekuwa soko, na kila muuzaji ana meza yake.

Sasa nani yuko meza gani. Kwako wewe la kwanza ni Big Ten: Ohio State, Michigan, Penn State na wenzao, na tangu 2024 hata USC, UCLA, Oregon na Washington wa pwani ya magharibi. Mechi zinazochezwa katika viwanja vyao ziko Fox, FS1 (chaneli ya michezo ya Fox), Big Ten Network, CBS, NBC na Peacock. Soma orodha hiyo mara mbili uone kilichokosekana. ESPN haimo. Mkataba wa sasa ulianza msimu wa 2023 na ESPN walibaki nje. Shabiki wa Ohio State anayelipia ESPN kuanzia Septemba "kwa sababu ndiyo chaneli ya michezo" ananunua mechi za watu wengine. Ukiwa na fedha ya kutupa, sawa, SEC ni futiboli tamu. Lakini usiitegemee kwa Ohio State mpaka Desemba, kwa sababu nitakayoifikia.

SEC wenyewe wamejikusanya nyumba moja: ABC, ESPN, ESPN2, ESPNU na SEC Network. CBS, waliokuwa na mechi yao kubwa ya alasiri kwa miaka mingi, waliiachia baada ya msimu wa 2023, hivyo maelekezo yoyote ya zamani yanayokutuma CBS kutafuta Alabama au Georgia yamekwisha muda. ACC nao wako nyumba hiyohiyo ya ESPN pamoja na ACC Network, ila sehemu ya mechi zao huuzwa kwa The CW, stesheni ambayo antena huinasa bure na watu wengi huisahau. Big 12 wamegawanywa kati ya ESPN na Fox, na tangu 2025 baadhi ya mechi za upande wa ESPN huonekana TNT, chaneli ya kebo. Notre Dame nyumbani ni NBC, na miaka mingine moja huwekwa Peacock tu.

Twende kwenye saa, kwa kuwa hapo ndipo wengi hupotea. Jumamosi ya futiboli ina vipindi vinne: saa sita mchana, saa tisa na nusu alasiri, jioni kati ya saa moja na saa mbili usiku, na kile cha mwisho cha saa nne na robo au saa nne na nusu usiku, ambacho kwa kawaida ni cha timu za magharibi. Hizo zote ni saa za mashariki ya Marekani, zinazoandikwa ET, na ndizo saa za Columbus, kwa hiyo wewe husumbuki. Ndugu yako wa Dallas au Minneapolis aondoe saa moja, wa Denver mbili, wa Seattle tatu. Anayefuatilia kutoka Nairobi au Dar es Salaam aongeze saba hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, na nane baada ya hapo, kwa sababu Marekani hurudisha saa nyuma na sisi haturudishi. Mechi ya mchana ya Columbus inayoanza kule saa moja usiku mwezi Oktoba, katikati ya Novemba itaanza saa mbili.

Kwa Big Ten, saa inakudokeza chaneli. Fox wamejiwekea saa sita mchana kuwa yao, CBS saa tisa na nusu, NBC jioni. Ndiyo maana mechi kubwa za Ohio State mara nyingi ni za mchana, jambo linalowaudhi waliotaka kuchoma nyama taratibu kabla ya mpira. Mechi ya Michigan, Jumamosi ya mwisho ya Novemba, imezoeleka saa sita mchana Fox. Dokezo hilo si sheria, maana Big Ten Network, FS1 na Peacock hujaza nafasi zozote zilizobaki, lakini ukilazimika kubahatisha, bahatisha hivyo.

Kwa nini saa inachelewa kutangazwa? Kwa sababu kampuni za TV hazikununua mechi fulani, zimenunua zamu ya kuchagua. Kila wiki mwenye zamu ya kwanza huchukua mechi anayoitaka, wa pili hufuata, na yanayobaki yanashuka kwenye chaneli ndogo. Hawataki kuchagua mapema, kwa kuwa timu iliyosifiwa Agosti inaweza kuwa imeshachapwa mara tatu kufika Oktoba. Hivyo mwishoni mwa Mei au mapema Juni hutangazwa wiki tatu za mwanzo, mechi za Ijumaa na chache maalumu. Zilizobaki hutangazwa siku 12 kabla, yaani Jumatatu ya wiki inayotangulia ile ya mechi. Wakati mwingine hata siku hiyo hawaamui, wanajizuia hadi siku sita kabla, yaani wanasubiri matokeo ya Jumamosi kisha wanatangaza Jumapili. SEC walilainisha kidogo kuanzia 2024: kabla ya msimu wanakwambia kama mechi ni ya mapema, ya alasiri, ya usiku, au ile inayoweza kuangukia alasiri au usiku.

Kwa vitendo: weka kengele kwenye simu kila Jumatatu jioni kuanzia mwanzoni mwa Septemba. Fungua ratiba kwenye tovuti ya chuo chenyewe, siyo matokeo ya kwanza ya kutafuta mtandaoni, na andika mambo matatu: mwenyeji, saa, chaneli. Ukikuta TBA, maana yake bado haijaamuliwa, rudi Jumapili usiku. Dakika tano za Jumatatu zinakuokoa nusu saa ya Jumamosi.

Antena yako ndiyo kitu cha thamani kuliko vyote ulivyotaja, na nashuku huitumii ipasavyo. Fox, CBS, NBC, ABC na The CW zote hurushwa hewani bure, na kwa timu kubwa kama Ohio State hizo ndizo zinazobeba mechi nyingi za msimu. Kama Fox inashika vizuri na NBC inakatika, usikimbilie kununua antena nyingine. Kwanza elewa kwamba namba unayoiona kwenye TV si lazima iwe chaneli halisi ya mawimbi, ni jina tu lililobaki toka enzi za analojia. Stesheni inayojiita 10 inaweza kuwa inarusha kwenye UHF (mawimbi mafupi), na nyingine kweli iko VHF (mawimbi marefu zaidi). Antena bapa kama karatasi, zile zinazobandikwa dirishani, zimetengenezwa zaidi kwa UHF, yaani megahezi 470 hadi 608. VHF ya juu, megahezi 174 hadi 216, inataka mikono yenye urefu wa karibu sentimita 75 kutoka ncha hadi ncha, na karatasi ile haina. Ndiyo sababu mtu wa New York au Los Angeles anaweza kushika chaneli nyingi na bado akakosa ABC: katika miji yote miwili iko kwenye VHF 7. Philadelphia ni shida zaidi, ABC yao iko VHF 6, mawimbi marefu yanayotaka mikono ya zaidi ya mita moja na nusu.

Fanya hivi. Ingia kwenye ramani ya mapokezi ya TV iliyoko tovuti ya FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, andika anwani yako, kisha bofya jina la kila stesheni. Itakuonyesha minara iko upande gani na chaneli halisi ni ipi. Kama kuna unayoihitaji iliyoko VHF, tafuta antena yenye mikono miwili ya kuvuta, ile iliyokuwa juu ya kila TV zamani, mara nyingi ni rahisi kuliko ya kubandika. Iweke dirisha linaloangalia minara, juu kadiri inavyowezekana, mbali na friji na taa za LED, ambazo huchafua VHF hasa. Dirisha lenye wavu wa chuma au kioo chenye utando wa kuzuia joto huzuia mawimbi karibu kama ukuta. Jaribu lingine hata kama halielekei sawasawa. Kila unapohamisha antena, skani chaneli upya, la sivyo TV itaendelea na orodha ya zamani.

Busta iache mwisho. Haiumbi mawimbi, inakuza yaliyopo pamoja na kelele zake, na kama minara iko kilomita chache tu inaweza kuizidishia TV hadi chaneli zilizokuwa nzuri zipotee. Kama ulinunua antena iliyokuja na busta, ichomoe kwanza uskani bila hiyo. Kitu kingine kinachonyonya kimyakimya ni splita: kugawa waya mara mbili kunapunguza desibeli tatu na nusu kwa kila upande, ambayo ni zaidi ya nusu ya nguvu. Waya wa antena wa aina ya RG6, wenye mita 30, unaweza kula desibeli tano au sita nyingine kwenye UHF. Kama una TV mbili na waya mrefu, hapo ndipo busta ina kazi, na mahali pake ni karibu na antena, kabla ya waya mrefu, si nyuma ya TV.

Jaribu haya Alhamisi, usisubiri Jumamosi saa tano na dakika hamsini. Na usishangae chaneli iliyokuwa dhaifu Septemba ikiwa safi Novemba: majani ya miti yamedondoka.

Baada ya antena, mapengo yako kwa Ohio State ni matatu tu: FS1, Big Ten Network na Peacock. Kwa bei za 2025, Fox One, iliyofunguliwa Agosti mwaka huo, ni dola 19.99 kwa mwezi na ndani yake mna Fox, FS1 na Big Ten Network. Peacock yenye matangazo ni dola 10.99. YouTube TV, mfano wa kifurushi kikubwa, ni dola 82.99. Ukianza Fox One siku ya mechi ya kwanza, malipo matatu yanakufikisha mechi ya Michigan: dola 59.97. Peacock lipia mwezi ule tu ambao Ohio State wamewekwa huko, na kama hawakuwekwa usilipie. Jumla ni dola 70.96 kabla ya kodi, dhidi ya 248.97 za YouTube TV kwa miezi hiyohiyo. Tena angalia: mechi iliyowekwa Peacock peke yake hata huyo wa dola 82.99 haioni bila kulipia Peacock kando. Bei hizi hupanda karibu kila kiangazi, kwa hiyo zihakiki Agosti kabla ya kutoa kadi.

Ukilipia, sitisha palepale. Huduma hizi huendelea hadi mwisho wa mwezi uliolipia hata kama umeshasitisha, na wanaosahau ndio wanaolipia Peacock hadi Machi. Lakini usitishe pale uliponunulia: uliyejiunga kupitia Roku, Amazon au Apple, tovuti ya Peacock yenyewe haitakusaidia.

Mpwa wako ni habari nyingine kabisa, na kanuni ya mwenyeji inamhusu zaidi. MAC wameuza haki zao kwa ESPN. Septemba na Oktoba, mechi zake za nyumbani na za ndani ya konferensi ni Jumamosi, nyingi zikiwa kwenye huduma ya intaneti iliyojulikana kama ESPN+, ambayo sasa ni ngazi ya chini ya ESPN. Hizo hutazioni kwenye antena wala kwenye chaneli ya kawaida. Lakini mapema msimu vyuo vya MAC hukubali kwenda kucheza ugenini kwa vyuo vikubwa ili walipwe donge nono. Siku hiyo mwenyeji ni mwingine. Wakienda kwa timu ya Big Ten, mpwa wako yuko Big Ten Network, FS1 au Peacock. Wakienda kwa SEC, yuko SEC Network au ESPNU. Mtu anayetafuta "chaneli ya MAC" hampati, anayetafuta mwenyeji anampata.

Novemba wanahamia katikati ya wiki, Jumanne na Jumatano usiku. Sababu ni biashara tupu: Jumamosi hakuna anayewaona wakiwa kando ya Ohio State na Alabama, lakini Jumanne usiku wako peke yao, na ESPN inahitaji kitu cha kuonyesha. Vyuo vinapata jina, wachezaji wanapata baridi, na viti vinabaki vitupu. Wengi wanalalamika, ila kwa ndugu aliye mbali ndio wakati rahisi kuliko wote kuwapata, maana mechi hizo huwa ESPN2, ESPNU au CBS Sports Network. Kwa ESPN2 na ESPNU unahitaji ngazi ya juu ya ESPN, iliyoanza Agosti 2025 kwa dola 29.99. Ichukue Novemba. Ongeza Desemba endapo Ohio State wanaelekea mchujo wa ubingwa, ambao tangu 2024 una timu 12, kwa kuwa huo si mali ya Big Ten: uko ESPN na ABC, na mechi kadhaa TNT. CBS Sports Network haimo kwenye vifurushi hivi vidogo. Ikitokea ameangukia huko, mwenye kebo katika familia akukaribishe chakula cha usiku.

Sasa yatakayoharibika siku yenyewe hata ukiwa umejipanga.

Mechi hupewa nafasi ya saa tatu na nusu, na futiboli ya vyuo hujaza nafasi hiyo karibu yote. Ikiingia muda wa nyongeza, au radi ikasimamisha mchezo, inayofuata kwenye chaneli hiyo haina pa kuanzia. Kampuni huanzisha mechi ya pili kwenye chaneli ndogo au programu ya simu, na tangazo la kuhama hupita chini ya kioo kwa sekunde chache. Ukiwasha saa tisa na nusu ukakuta watu wengine bado wanacheza, usidhani umekosea. Soma maandishi ya chini kabla ya kubadilisha. Anayerekodi aongeze saa moja na nusu mwishoni, na kama TV yake inakubali, arekodi pia kipindi kinachofuata. Kurekodi kwa jina la timu hakuaminiki: kabla ya uchaguzi wa siku 12 mwongozo wa TV huandika tu "College Football", na ukirekodi jina hilo zima, Jumapili utakuta marudio arobaini na kumbukumbu imejaa.

Huduma za intaneti huangalia upo wapi. Fox au NBC unayoiona kwenye programu ni ile ya mji wako, na mji huo hukisiwa kutokana na intaneti unayotumia. Ukitumia intaneti ya simu, wakati mwingine inakuonyesha uko mji wa mbali. Ukiwasha VPN, yaani programu ya kuficha mahali ulipo, huduma inakataa kabisa. Zima VPN, ruhusu programu ione mahali ulipo, ifunge kabisa uifungue tena. Picha ya intaneti pia iko nyuma ya ile ya antena kwa nusu dakika au zaidi, hivyo jirani mwenye antena atashangilia kabla yako, na simu yako itakuletea matokeo kabla ya macho. Zima arifa.

Ugomvi wa malipo kati ya wenye chaneli na wenye vifurushi nao una msimu wake, na si kwa bahati. Mikataba hukomea pale ambapo mtazamaji akikosa mpira ataumia. Agosti 31 mwaka 2023 ESPN, na ABC katika baadhi ya miji, zilizimwa kwa wateja wa kampuni ya kebo ya Spectrum hadi Septemba 11. Mwaka uliofuata ikawa DirecTV, kampuni ya TV ya setilaiti, siku 13 za mwanzo wa Septemba. Mwaka 2025 YouTube TV ilizikosa tangu mwisho wa Oktoba hadi Novemba 14, Jumamosi mbili nzima. Mwenye antena aliendelea kutazama ABC kama kawaida. Ukiona maandishi ya onyo yanapita kwenye kioo kwamba chaneli fulani "huenda zikaondoka", usiwapigie simu; hakikisha antena iko sawa, na ujue huduma ya mwezi mmoja utakayochukua endapo zitazimwa kweli.

Na yote yakishindikana, mechi za Ohio State hutangazwa redioni, na programu ya Varsity Network huzirusha bure kwenye simu pamoja na za vyuo vingine vingi. Wapo wanaozima sauti ya TV na kusikiliza watangazaji wa chuo chao. Kwa antena, sauti na picha zinaweza kupishana upande wowote. Kwa TV ya intaneti, kwa kawaida redio ndiyo itakayotangulia, basi isimamishe kidogo mchezo ukiwa umesimama, uiachie picha ikifika.